Hakuna Mbadala

Jumatatu, Machi 10

Nimepata! Gurdeep alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya benki mjini, na nikapiga ukelele hadi askari wa mlangoni akaanza kunisogelea. Miaka yote hii nimeigiza konstebo, mlevi, mchungaji mwongo, na sauti ya tangazo la mbolea kwenye redio. Leo, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, mimi ndiye Jemedari Radi.

Nieleze, maana hata Everlyn mke wangu aliniuliza mara mbili. Kuna mchezo wa simu unaoitwa Mbio za Radi. Jamaa aliyevaa nguo za rangi ya fedha anakimbia juu ya mapaa ya Nairobi, anaokota sarafu na kupiga mateke maroboti ya mabati. Akianguka, simu inalia pii, anasimama tena. Ni hivyo tu, hakuna hadithi. Gurdeep ndiye anautengenezea filamu, na hadithi ameiandika mwenyewe: kuna Daktari Kutu, mwanasayansi aliyefukuzwa chuo kikuu, anayegeuza mabati yote ya jiji kuwa jeshi lake. Maneno yangu makubwa ni haya: "Mvua ni yenu, radi ni yangu!"

Everlyn alicheka hadi akaweka sahani chini.

"Na watakulipa kwa kusema hivyo?"

"Watanilipa kwa kusema hivyo nikiwa juu ya paa."

Akaacha kucheka. "Paa gani?"

Alhamisi, Machi 13

Chakula cha jioni Loresho, kwa wazazi wa Gurdeep. Nyumba kubwa, ua wa michongoma, mbwa wawili wanaobweka bila hasira. Gurdeep ana miaka ishirini na tisa, alisomea filamu ng'ambo, na akiongea mikono yake haitulii. Baba yake, Mzee Gurjit, ana duka la vifaa vya ujenzi River Road tangu zamani, na duka hilo ndilo wameliweka rehani benki ili filamu itengenezwe.

Mzee alinisindikiza hadi getini. "Bwana Were," akasema, "msumari usiponunuliwa mwaka huu utanunuliwa mwaka ujao. Na filamu je?"

Nikamwambia filamu nzuri haizeeki.

"Hii ni nzuri?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimekula kwake, ningesema nini?

Jumatatu, Machi 17

Leo nimevaa suti ya Radi mara ya kwanza. Ni vipande vya sponji vilivyokatwa vikafanana na chuma, vikapakwa rangi ya fedha, vikashikizwa kwa gundi inayonuka hadi macho yanatoa machozi. Philister wa mavazi ameshona mbili zinazofanana. Nikauliza ya pili ni ya nani.

"Ya Kitavi," akasema. "Mbadala wako. Yeye ndiye ataruka."

Kitavi akaja akaivaa, akasimama mbele yangu amenipa mgongo. Mabega ni yangu, kichogo ni changu, hata zile nyama za kiunoni ninazozificha. Wenzetu wakacheka. Mimi sikufurahi. Mtu hapendi kujiona kwa nyuma.

Jumatano, Machi 19

Mvua. Hatukupiga picha.

Alhamisi, Machi 20

Mvua. Roboti tatu za maboksi zimeloa, zimevimba kama mandazi.

Jumamosi, Machi 22

Gurdeep ametaka Kitavi anifundishe kuanguka, maana kuna mianguko midogo ambayo lazima uso wangu uonekane. Tulitandika magodoro kwenye ukumbi wa kanisa hapa Mountain View, na kuanzia asubuhi hadi saa nane nikawa naanguka. Kitavi alikulia Mwingi, akaanza sarakasi akiwa mdogo, ameruka kwenye hoteli za watalii na kwenye sarakasi za ng'ambo. Sasa ana miaka thelathini na sita na goti moja linalolia kama mlango.

"Mzee, wewe unaogopa chini," aliniambia. "Chini haina shida na wewe. Toa pumzi, alafu ipatie bega, si mkono."

Baadaye tulivuka barabara hadi Kangemi, kwenye kibanda cha matumbo. Mkewe, Kamene, anauza mashuka na mapazia ya mitumba hapo sokoni, akaja kukaa nasi kidogo. Nikamwita shemeji, akaniangalia kwa mshangao, akamgeukia mumewe.

"Ni huyu ndiye unakuwa?"

"Ndiye huyu."

"Mbona wewe ndio unaonekana mzee?"

Nilicheka kweli. Nimerudi nyumbani nimevilia damu mbavuni, na nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Alhamisi, Machi 27

Kitavi amecheza kwenye filamu kumi na moja, na uso wake hauonekani hata katika moja. Mama yake huko kwao anaamini anadanganya, kwamba huku Nairobi yeye ni mlinzi wa usiku. Aliniambia akicheka, lakini nikaona si mzaha. Nikamweleza Gurdeep, na Gurdeep, Mungu ambariki, akaandika kipande papo hapo kwenye simu yake: Radi anakimbizwa, anagonga mkokoteni wa mananasi, na mwenye mananasi anampigia kelele. Mwenye mananasi ni Kitavi.

Tulikipiga mchana, mvua ilipotulia. Maneno yake yalikuwa mstari mmoja tu: "Si ungeomba tu!" Akayasema mara sita, kila mara kwa namna nyingine, na mara ya mwisho akayasema kwa huzuni kidogo, kana kwamba hakuna aliyewahi kumwomba kitu. Hata mpiga kamera aliinua kichwa. Nimeigiza muda mrefu, na nikamwonea wivu.

Jumatano, Aprili 2

Mvua tangu alfajiri. Barabara ya kwenda mjini imegeuka mto. Gurdeep amepiga simu mara nne kuuliza kama huku kwetu kumetulia, kana kwamba Mountain View ina mbingu yake.

Jumanne, Aprili 8

Tumechelewa sana. Gurdeep hacheki tena. Leo amemfokea Philister kwa sababu ya zipu, kisha akaenda kukaa peke yake ndani ya gari. Nikamfuata. Akaniambia benki ilimpigia baba yake, si yeye. "Wanampigia Baba, Quincy. Anajibu akiwa dukani, wateja wanasikia." Nikamwonea huruma. Nimeandika hili ili nikumbuke kwamba nilimwonea huruma.

Ijumaa, Aprili 11

Mvua.

Jumatano, Aprili 16

Naandika hospitalini, nyuma ya karatasi za maneno yangu. Nitanakili baadaye.

Tulikuwa juu ya paa la duka la Mzee Gurjit, River Road. Ni ghorofa mbili, paa la zege, na ng'ambo ya uchochoro kuna paa jingine lililo chini kidogo. Radi anatakiwa kuruka kutoka hili hadi lile. Asubuhi Kitavi aliruka akiwa na mkanda na kamba mgongoni, kamera ikiwa mbali, na ulikuwa mruko wa ajabu. Alikaa hewani kama mtu aliyesahau kushuka. Wauza mabomba kule chini walipiga makofi.

Ilibaki mara moja tu, kamera ikiwa karibu ili uso uonekane. Yaani uso wangu. Kamba ingeonekana, kwa hiyo hakuna kamba. Upana wa uchochoro si mkubwa, chini kulipangwa masanduku ya karatasi na magodoro juu yake, na Kitavi mwenyewe alikuwa amenipeleka pale ukingoni mara nyingi, bila kuruka, ili miguu izoee. Saa kumi na moja hivi manyunyu yakaanza. Gurdeep akaangalia juu, akaangalia saa, akasema, "Quincy, sasa. Tafadhali. Baada ya hapa giza."

Nikasimama ukingoni. Sijui nisemeje. Nilitaka kuruka. Kichwa kilishasema ndiyo, nikavuta pumzi, nikainama, na miguu ikakataa. Nikarudi nyuma, nikakimbia tena, ikakataa pale pale. Watu ishirini walikuwa wananitazama. Mara ya tatu sikukimbia hata. Nilisimama tu ndani ya sponji, maji yakinidondoka puani.

Kitavi akaja akanishika kiwiko. "Shuka, mzee. Nitaruka nikigeuza uso, itatosha." Akamwambia Gurdeep, "Lakini tungoje saa moja ikauke kidogo. Hii saruji inateleza."

Gurdeep akasema, "Kitavi, hatuna hiyo saa moja." Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba maji.

Kitavi akaniangalia. Mimi ningeweza kusema tungoje. Mimi ndiye nyota wa filamu, ningesema sitaki, wangengoja. Aibu ikanizidi. Nikajifuta uso.

Akakimbia. Mguu wa kurukia ukateleza palepale ukingoni, na hakuruka, alimwagika. Hakupiga kelele. Tulisikia masanduku, kisha sauti nyingine iliyokuwa si ya masanduku. Alikuwa ameangukia ukingo wa magodoro, nusu ya mwili nje, mgongo juu ya mfuniko wa chuma wa mtaro.

Nilishuka ngazi sijui vipi. Macho yake yalikuwa wazi. "Mzee," akaniambia, "nani amenikalia miguu?"

Hakuna aliyekuwa amemkalia miguu.

Alhamisi, Aprili 17

Jana sikumaliza. Tulimpeleka kwa pikapu ya duka, ubao wa mlango chini yake, maana ambulensi ilikuwa imekwama kwenye mvua. Wakamwingiza ndani, mimi nikabaki kwenye veranda nikiwa bado na suti ya Radi. Watu walinitazama. Mtoto mmoja mgonjwa alinipungia mkono, nikampungia, nikajichukia.

Nilikuwa nimesimama nimetazama ukutani, ndipo nikashikwa mabega kwa nyuma kwa mikono miwili, kwa nguvu. Paji la uso likaniegemea katikati ya mgongo.

"Asante Mungu," sauti ikasema. "Asante, umesimama. Wameniambia umeanguka. Asante Mungu."

Sikugeuka. Najua ilikuwa vibaya, lakini nilitaka awe na ile furaha sekunde moja zaidi. Kisha nikageuka.

Kamene alinitazama usoni. Mikono yake ilikuwa bado hewani pale mabega yangu yalipokuwa. Hakulia. Alisema tu, "Oh. Ni wewe."

Ijumaa, Aprili 18

Ijumaa Kuu. Uti wa mgongo umevunjika. Hatatembea. Daktari alisema kwa upole, kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiingereza, na kwa lugha zote mbili ilikuwa ni kitu kilekile.

Jumapili, Aprili 20

Everlyn ameenda kanisani peke yake.

Alhamisi, Aprili 24

Gurdeep alikuja hospitalini na baba yake. Gurdeep alilia hadi akakaa sakafuni. Mzee Gurjit alisimama miguuni mwa kitanda na kilemba chake kikidondosha maji ya mvua, akamwambia Kitavi, "Wewe umeanguka kwa nyumba yangu. Matibabu ni juu yangu." Akamwambia Kamene vilevile. Nikaona kweli mtu huyu ni mtu.

Lakini pale nje Gurdeep alinieleza. Hawakuwa wamechukua bima. Pesa za bima zilienda kwenye siku za mvua. Jambo hili likijulikana, kituo cha televisheni kilichokubali kununua filamu kitajitoa, na benki itachukua duka. "Hapo hata matibabu hatutaweza kulipa. Unaelewa? Siyo kwa ajili yangu." Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, mara ya kwanza tangu nimjue.

Jumatano, Aprili 30

Tumerudi kazini. Mvua ni yenu, radi ni yangu. Tulirudia mara kumi na nne.

Jumanne, Mei 6

Mvua. Nilienda hospitalini. Kitavi amekonda mabega. Sasa ukituweka pamoja hakuna atakayetuchanganya.

Aliniuliza kama tulimaliza vita na roboti. Nikamwambia Daktari Kutu amekufa kwa kupigwa na umeme uliopitia kwenye sufuria, akacheka hadi akakohoa. Kisha nikamwambia wanataka niseme nini: kwamba miruko yote ni yangu. Wakili wa familia ya Gurdeep ameshaongea na watu wote ishirini, na wote wamekubali. Nilitaka anikasirikie.

"Sema tu ni wewe," akasema. "Si hiyo ndio kazi yangu? Kuwa wewe."

"Kitavi, si sawa."

"Mzee, sikiza. Kuna mtu wa mazoezi atakuja nyumbani kila siku, analipwa na hao. Daktari ameniambia miguu isipofanyiwa kazi inajikunja, inakauka, vidonda vinaingia, na hivyo ndio watu kama mimi hufa. Sitaki kuwa kwa gazeti. Nataka huyo mtu wa mazoezi." Akafumba macho. "Sema ni wewe."

Jumatatu, Mei 12

Philister ameniambia wameukata ule mchezo wa mananasi. Wakili alisema uso wa Kitavi usionekane popote, watu wasije wakauliza ni nani. Nilikwenda kwa Gurdeep nikiwa nimejiandaa kupigana. Nilimkuta gizani mbele ya skrini, akiangalia kipande hichohicho. "Si ungeomba tu!" Akakirudisha nyuma. "Si ungeomba tu!"

"Ndicho kitu bora zaidi nimewahi kupiga," akaniambia bila kugeuka. "Unafikiri sijui?"

Nikaondoka bila kusema nilichokuja kusema.

Jumamosi, Mei 17

Leo Kitavi ametoka hospitalini. Wanaishi Kangemi, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Vijana wa ploti walitaka kumbeba kwa kiti, ngazi zikawa nyembamba mno. Nikambeba mgongoni, mikono yake shingoni mwangu, Kamene nyuma ameshika miguu isigonge ukuta. Kwenye kila ngazi nilipumzika. Ni mzito kwa namna ambayo mtu mwenye afya si mzito, kwa kuwa nusu yake haijisaidii.

Ghorofa ya pili jirani alifungua mlango, akatutazama, akafunga polepole.

"Unapumua vibaya," Kitavi akaniambia sikioni.

Nilipomlaza, Kamene alinipa maji, akasema asante. Hajafanya mzaha mbele yangu tangu siku ile ya hospitali.

Jumanne, Mei 20

Mvua nyepesi.

Jumatatu, Mei 26

Mabango yametoka. Moja liko karibu na stendi ya River Road, jingine Waiyaki Way, nalipita kila siku. Mimi nimekunja ngumi, radi nyuma yangu, na chini kwa herufi kubwa: QUINCY WERE. HAKUNA MBADALA.

Everlyn alilipiga picha akawatumia dada zake. Usiku tukagombana. "Umengoja maisha yako yote," akasema. "Na yule mwenyewe amekwambia ukubali. Kwa nini unataka kuwa na huzuni kuliko aliyeumia mwenyewe?"

Nikazima taa.

Jumamosi, Juni 14

Baridi, mawingu hayajapasuka siku nne. Leo ilikuwa siku ya kuonyesha kionjo, zile dakika mbili za kuwaonjesha watu, kwenye ukumbi wa sinema mjini. Waandishi, watu wa televisheni, vijana wengi waliocheza Mbio za Radi utotoni. Mzee Gurjit alivaa suti.

Taa zikazimwa. Roboti, moshi, mimi nikipiga kelele. Watu wakacheka panapostahili na pasipostahili. Kisha ukaja ule mruko wa asubuhi, wa kamba, kamba imeshafutwa. Kitavi akaruka. Wameupunguza kasi, kwa hiyo alikaa hewani muda mrefu sana, mwili wote umenyooka, miguu yake yote miwili inafanya alichoiambia. Ukumbi ukasimama. Nimeigiza miaka mingi na sijawahi kusikia makofi ya namna ile.

Wakaniita jukwaani. Mtangazaji wa redio, msichana mchangamfu, akanipa kipaza sauti. "Baba, na umri huo! Kweli uliruka mwenyewe?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye kioo. Nikasema, "Hapana. Aliyeruka anaitwa Kitavi. Mimi niliogopa."

Wakacheka. Wote! Msichana akanipiga bega. "Na ni mnyenyekevu pia!" Makofi tena.

Nikangoja yaishe. Nikasema, "Aliruka mara ya kwanza, huyo mliyemwona. Mara ya pili ilikuwa zamu yangu, nikashindwa. Akaruka badala yangu kwenye mvua, akavunjika mgongo. Yuko Kangemi, amelala. Hatatembea tena."

Mtu mmoja nyuma akacheka peke yake, kisha akanyamaza. Nikamwona Gurdeep kwenye safu ya mbele. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikia jina lake likiitwa. Mzee Gurjit alikuwa amesimama tayari, anatafuta mwavuli ambao hakuja nao, akigusa kiti na kiti.

Nilitoka nje nikiwa mwepesi. Nakiri hivyo. Nilitembea hadi nyumbani, mjini hadi Mountain View, kwenye baridi, na nilikuwa mwepesi njia nzima.

Jumatatu, Juni 16

Jina la Kitavi liko kila mahali mtandaoni. Wananiita shujaa. Kituo cha televisheni kimejitoa.

Jumatano, Juni 18

Mtandaoni wamehamia kwa mambo mengine.

Gurdeep alipiga simu. Nilitarajia matusi. "Benki imekuja kuangalia duka," akasema. "Baba hajaongea nami tangu Jumamosi. Nilikuwa nalipa, Quincy. Kila wiki nilikuwa nalipa. Ulidhani tungelipa na nini?" Akakata.

Ijumaa, Juni 20

Nilienda Kangemi. Kamene alinifungulia, hakunikaribisha, akaongea nami pale kwenye ngazi, kwa sauti ndogo ili mumewe asisikie.

"Yule wa mazoezi hajakuja tangu Jumatatu. Wamemwambia asije."

"Shemeji, sasa mnaweza kuwashtaki. Kila mtu anajua. Niko tayari kutoa ushahidi."

"Nimeenda kwa wakili, amesema tutashinda. Miaka mitatu, minne." Akaniangalia vile alivyoniangalia pale hospitalini. "Ulituuliza?"

"Nini?"

"Kabla useme. Ulikuja hapa ukapanda hizi ngazi ukatuuliza?"

Nikasema hapana.

"Basi huo ukweli ulikuwa wako. Ulikuwa unakuwasha, ukaukuna." Akafunga mlango, taratibu, kwa kuwa ndani kuna mgonjwa.

Jumamosi, Juni 21

Sikulala. Alisema kweli. Pale jukwaani, nilipongoja makofi yaishe ili niseme tena, nilijua nasimama vizuri. Nilijua taa iko wapi. Nilimchukulia mwili, nikamwachia mwili ulipovunjika, na nilipopata nafasi ya kusema ukweli, hata huo niliutaka uwe mchezo wangu.

Jumatatu, Juni 23

Nimemtafuta yule wa mazoezi. Anaitwa Muigai, ana wagonjwa wengi, hawezi kuja bure na simlaumu. Nilimwomba anifundishe. Alinionyesha kwa mguu wangu mwenyewe, kwenye kiti, kati ya mgonjwa na mgonjwa: kisigino kiganjani, goti lisilazimishwe, polepole, kila upande, mgeuze, angalia ngozi. "Kila siku," akasema. "Ukiruka siku, afadhali usianze."

Jumanne, Juni 24

Nilipanda ngazi. Kamene akasita mlangoni, nikamweleza kwa maneno machache, akaangalia mikono yangu kama anayekagua nguo ya mtumba. Akanipisha.

Kitavi alikuwa amegeukia ukuta. Sikumwamkia kwa maneno mengi. Nikafunua shuka, nikashika mguu wa kushoto. Ni baridi, na umeshaanza kukaza kwenye kifundo. Ilichukua saa nzima. Nikaondoka.

Jumatano, Juni 25

Nimeenda. Hakuongea.

Alhamisi, Juni 26

Nimeenda. Kuna kidonda kinaanza kisiginoni, nikamwonyesha Kamene.

Ijumaa, Juni 27

Gurdeep ameuza kamera. Alinitumia ujumbe usio na salamu: amemtafutia Kitavi godoro la hospitali, kama ninaweza kusaidia kulipandisha. Tulilipandisha pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Mlangoni alishindwa kuingia. Alikaa kwenye ngazi, uso mikononi, mpaka nilipomaliza.

Jumapili, Juni 29

Nimeenda. Everlyn alinipikia chai ya kubeba kwenye chupa, bila kusema ni ya nani.

Jumanne, Julai 1

Hainyeshi tena. Ni kijivu tu, juu na chini, na ukungu umeshika magorofa ya Kangemi nusu.

Nilikuwa kwenye mguu wa kulia, nikihesabu kimoyomoyo kama Muigai alivyonifundisha, ndipo Kitavi akaongea, bado ametazama ukuta.

"Umeuinua sana."

Nikaushusha.

"Hapo."

Nikaendelea. Kule nje mtu alikuwa akipiga msumari kwenye bati, akipumzika, akipiga. Nilimaliza, nikamgeuza ubavu, nikaangalia ngozi, nikamfunika. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nikivaa viatu.

"Were," akaita. Hakuwahi kuniita hivyo. Siku zote nilikuwa mzee. "Kesho kuja saa kumi na mbili. Kamene anaenda soko mapema, na mimi sitaki kungoja mtu."

Nikasema sawa.